Maswali ya Wazazi: Mwaka wa Mtoto katika Shule ya Msingi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wazazi na walezi wa watoto wa shule ya msingi, na karibu zote ziliandikwa baada ya ripoti ya mwisho wa muhula kufika nyumbani. Jambo hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu ripoti humweleza mzazi yale yaliyokwisha kupita, ilhali mengi kati ya hayo yangeweza kuonekana na kurekebishwa mapema. Nimechagua barua nne.

SWALI: Binti yangu anaanza darasa la kwanza. Nimeshamnunulia sare na madaftari, lakini sijui nimwulize nini mwalimu wake, wala sijui mwisho wa mwaka anatakiwa awe amefikia wapi. Naomba mwongozo.
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Dada yangu, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa katika wiki za mwanzo, kabla hakujatokea malalamiko yoyote kutoka upande wako wala upande wake, kwa maana mazungumzo ya kwanza yakiwa ya shida, kila mmoja huja akiwa amejiandaa kujitetea. Mwulize kusoma kunafundishwa kwa njia gani, ni kitabu kipi kinachotumika, kazi za nyumbani hutolewa siku zipi, na ni saa ngapi inafaa kumpata bila kukatiza vipindi. Kisha umweleze yale asiyoweza kuyaona akiwa darasani: kama mtoto ana pumu, kama nyumbani mnazungumza lugha tofauti na ile ya shuleni, kama kuna mtoto mchanga au msiba wa karibuni. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kuyakisia hayo.

Mihtasari inatofautiana, kwa hiyo iombe shule ikuonyeshe wa kwake. Kwa kawaida, hata hivyo, mtoto anayemaliza mwaka wa kwanza hutarajiwa kuhusisha herufi na sauti zake, kusoma sentensi fupi, kuandika jina lake na sentensi rahisi, na kujumlisha na kutoa namba ndogo. Usishtuke akigeuza b na d, kwani watoto wengi hufanya hivyo mpaka wanapokaribia umri wa miaka 7 au 8. Kinachohitaji kuzungumzwa na mwalimu mapema ni mtoto anayeshindwa kuunganisha sauti kuwa silabi, na silabi kuwa neno, hata baada ya miezi mingi ya kufundishwa.

Mpeleke pia akapimwe macho na masikio. Mtoto ambaye hajawahi kuuona ubao vizuri hajui kwamba wenzake wanauona, hivyo hawezi kulalamika, na watu wazima humwita mzembe. Kuhusu usingizi, mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Hesabu kurudi nyuma kuanzia saa anayoamka, utaona kwamba huenda anatakiwa kulala mapema kuliko ulivyodhani.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu na husoma kwa sauti bila kukwama, hata wageni humsifu. Muhula uliopita alipata alama za chini katika sayansi, na mwalimu anasema haelewi anachokisoma. Inawezekanaje mtu asome vizuri namna hiyo asielewe?
Baba mwenye mashaka

JIBU: Inawezekana kabisa, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu tatizo hili hujificha nyuma ya sifa. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba uelewa wa mtu anayesoma ni zao la mambo mawili yanayozidishana: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe anapoisikia. Zingatia kwamba walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata lile la pili liwe kubwa kiasi gani.

Kwa msomaji wa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, maana maneno yetu hutamkwa karibu sawasawa na yanavyoandikwa. Mtoto aliyekwisha kuzishika silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima kuhusu usanisinuru bila kosa, huku hajui hata neno moja la muhimu lina maana gani. Sikio la mzazi linaridhika, na mwalimu hugundua pale tu mtoto anapoulizwa swali ambalo jibu lake halimo neno kwa neno katika kifungu.

Jaribio hili unaweza kulifanya mwenyewe jioni moja. Chukua vifungu viwili vya urefu unaolingana kutoka katika kitabu chake cha sayansi. Cha kwanza akisome yeye, kisha afunge kitabu na akueleze kwa maneno yake. Cha pili msomee wewe, taratibu, naye akueleze vilevile. Ikiwa anaelewa akisikiliza lakini haelewi akisoma, basi kazi ya kutamka bado inamla nguvu zote, hata kama sauti yake inakwenda mbio, na dawa yake ni kusoma kila siku vitabu vyepesi kuliko vile vya darasa lake mpaka macho yazoee. Ikiwa haelewi hata anaposikiliza, upungufu uko katika msamiati na katika ujuzi wa mambo yanayozungumzwa, na kumwongezea mazoezi ya kusoma kwa sauti hakutamsaidia sana.

Hali hii ya pili ndiyo ninayoishuku kwako, ingawa jaribio ndilo litakaloamua. Endelea kumsomea hata kama anajua kusoma. Wazazi wengi huacha mapema mno. Simama katikati ya hadithi umwulize anadhani nini kitafuata na kwa nini. Mkikutana na neno geni, mpe maana yake pamoja na mifano miwili, kisha ulitumie tena kesho na keshokutwa katika mazungumzo ya kawaida. Zungumza naye kuhusu mvua inavyotokea, damu inavyozunguka mwilini, mbegu inavyoota, kwa sababu mtoto anayejua jambo kidogo huelewa kwa urahisi maandishi yanayolieleza zaidi. Kama vitabu vya shule viko katika lugha msiyoitumia nyumbani, msimulie na kumsomea kwa lugha mnayoimudu vizuri. Maarifa anayoyapata humo hayapotei anapokutana na jambo lilelile katika lugha nyingine.

Lifanye hili sasa. Kuanzia darasa la nne vitabu vya masomo huwa na maneno mazito na sentensi ndefu, na mtoto ambaye hajazoea kutafuta maana huanza kushuka katika masomo yote kwa pamoja, hata yale aliyokuwa akiyapenda.

SWALI: Ninamlea mjukuu wangu wa miaka minane. Asubuhi nyingi hulalamika kuumwa tumbo, nami namhurumia namwacha nyumbani, pengine siku moja kila wiki. Siku moja tu inadhuru?
Bibi

JIBU: Shikamoo, bibi. Huruma yako ni njema, lakini siku moja kila wiki ni sehemu ya tano ya mwaka mzima wa masomo. Katika nchi kadhaa mamlaka za elimu huhesabu kukosa asilimia 10 ya siku za shule kuwa utoro wa kutia wasiwasi, hata kama kila siku ilikuwa na ruhusa. Katika mwaka wenye siku 180, hizo ni siku 18 tu. Hisabati huumia zaidi, kwa kuwa somo la leo limejengwa juu ya lile la jana.

Kwanza apelekwe kwa daktari. Akionekana mzima, usimwambie anadanganya, kwa maana hofu huleta maumivu ya kweli ya tumbo. Andika katika kalenda siku anazolalamika, kisha ulinganishe na ratiba ya vipindi. Usimwulize kwa nini hataki shule, kwa sababu mtoto wa umri wake mara nyingi hana jibu. Mwulize alicheza na nani wakati wa mapumziko, alikaa karibu na nani, na kama huenda chooni akiwa shuleni. Majibu ya maswali hayo madogo ndiyo hufichua uonevu. Ukibaini kuwa anaonewa, mwambie mwalimu siku hiyohiyo na mwombe akueleze atachukua hatua gani na lini.

SWALI: Mwanangu wa darasa la nne ameshuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya kumi na tano. Mume wangu anataka tumtafutie tuisheni kila jioni. Kazi za nyumbani tayari huisha kwa machozi, na mara nyingine namwandikia majibu ili apate kulala.
Mama aliyechoka

JIBU: Pole sana, dada. Nafasi darasani hukueleza zaidi kuhusu watoto wengine kuliko kuhusu wako. Omba uone karatasi yenyewe ya mtihani na usome makosa yake moja baada ya jingine. Kwa mfano, mtoto anayeandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35 si mvivu: ametoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa kila mahali, kwa sababu hajaelewa kwamba 5 iliyopo hapo ni makumi matano na moja kati yake inaweza kukopwa. Kosa kama hilo, likishajulikana, hurekebishwa kwa dakika chache kila siku, kwa vijiti au kokoto zilizofungwa kumikumi, wakati tuisheni ya jumla inaweza kulipita mwaka mzima bila kuligusa.

Kumwandikia majibu acha leo, kwa kuwa unamnyima mwalimu habari anayoihitaji. Mwachie afanye anachoweza kwa muda wa dakika 40 hivi, kisha andika chini ya ukurasa: amefanya maswali manne, la tano limemshinda, amelala. Uchambuzi wa Harris Cooper na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni dhaifu kwa watoto wadogo kuliko kwa wale wa sekondari, hivyo usingizi wake usiutoe sadaka kwa ajili ya swali la sita.

Mume wako anataka mema, nawe mweleze hivyo. Mpendekezee mfanye mazoezi hayo ya kosa moja kwa wiki nne, jioni zilizobaki mtoto acheze, halafu mlinganishe kazi zake za mwanzo na za mwisho kabla ya kuamua kuhusu tuisheni. Karatasi ya mtihani iombeni wiki hii, kabla darasa halijaanza kugawanya namba kubwa, kwa maana huko kila hatua inahitaji kutoa.