Kujiandaa na radi za usiku mwambao wa Kigoma

Ndugu, umeuliza kijiji chenu cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kifanye nini TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ikitangaza radi na upepo mkali usiku. Kinachoua usiku ni usingizi: ujumbe wa WhatsApp husomwa asubuhi, bati likiwa tayari shambani kwa jirani. Kabla ya magharibi, wajumbe wa nyumba kumi wawe na filimbi na mlio mmoja wa hatari mliokubaliana. Spika ya msikiti ni nyongeza tu, umeme hukatika.

Wavuvi wa dagaa waambiwe kwanza, alasiri, kabla hawajatoka. Ziwani aliye ndani ya mtumbwi ndiye kitu kirefu kuliko vyote, hivyo arudi akiona umeme wa kwanza hata kama uko mbali. Walio nchi kavu wahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingieni ndani, mkae hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Nyumba ya nyasi haikingi radi. Hamieni mapema jengo la tofali lenye nyaya za umeme, mbali na ukuta na soketi. Na yale mawe juu ya bati, yashusheni: upepo ukilinyanyua yatawaangukia waliolala. Fungeni kenchi (mbao zinazobeba paa) ukutani kwa waya.