Kusomea CPA ukiwa na watoto wadogo

Dada, umeuliza utapata wapi muda wa kusomea CPA, yaani mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, ilhali una watoto wawili wadogo na hufika nyumbani Umoja, Nairobi, saa mbili usiku. Kwa maoni yangu, usiutegemee usiku, kwa kuwa mtoto akipata homa au akikataa kulala, mpango wote huvurugika. Afadhali uamke saa kumi alfajiri, kabla ya kubandika uji, usome mada moja na ujibu maswali yake kwa kalamu, si kwa kutazama tu majibu. Foleni za Jogoo Road zinatosha kusikiliza masomo uliyopakua kwenye simu. KASNEB, bodi ya Kenya inayotunga mitihani hiyo, humruhusu mtahiniwa kusajili hata karatasi chache za mtihani kwa awamu moja, kwa hiyo chukua moja au mbili, hata wenzako wakikutangulia. Baba watoto naye ashike Jumamosi asubuhi yote, awaogeshe na kuwalisha, nawe uende maktaba. Jambo hili ni haki yako, wala si hisani. Tena, zungumza mapema na mwajiri wako: waajiri hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na wanaweza kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.