Unataka tishu kalcha ya mchicha? Anza na matembele

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Asalamu alaykum dada. Nimeona video za mboga zinaoteshwa ndani ya chupa. Nataka nifungue maabara nyumbani nitoe mchicha bora. Nianze na shilingi ngapi?"

Waalaykumu salamu mdogo wangu. Hizo pesa zirudishe mfukoni kwanza.

Mchicha unatoa mbegu mwenyewe, tena tele, na mbegu zake bei rahisi. Uupitishe kwenye chupa kwa sababu gani? Ukitaka mchicha bora, ng'oa ile dhaifu kabla haijatoa maua, uiache mizuri tu izae mbegu, ufanye hivyo kila msimu. Tishu kalcha, yaani kuotesha kipande kidogo cha mmea ndani ya chupa yenye chakula chake, ina faida kwa mboga tunazozipanda kwa kukata: matembele na kisamvu. Hizo hatuzipandi kwa mbegu. Mimi naomba marando kwako, wewe uliyatoa Mwera, wa Mwera kayatoa kwa shemeji yake, na ugonjwa unasafiri pamoja nayo miaka yote.

Matembele yangu ya Dole yalifikia pabaya. Majani madogo, manjano, mashina yamedumaa. Pale Mwanakwerekwe wateja wananisalimia vizuri, halafu wananunua kwa mwenzangu. Kila mtu ananiambia udongo umechoka, tia samadi. Mimi nilikuwa nimewahi kufanya kazi maabara moja ya bara, nikianza na kuosha chupa mpaka nikaaminiwa kisu, kwa hiyo nilijua ninachokiona. Ni virusi viwili: kimoja hubebwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Kimoja peke yake mmea hujikaza. Vikikutana mwilini mwake, basi tena.

Nikaenda ofisi moja kuomba tusaidiwe kuyasafisha marando yetu ya kienyeji. Bwana aliyekaa mezani alicheka. "Matembele? Hiyo mboga ya maskini. Andika mradi wa vanila." Jina lake silisemi, lakini kicheko chake nakisikia mpaka leo, na nikiwa na kapu limejaa napita mbele ya ofisi ile kwa makusudi, hata kama si njia yangu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kabla ya chupa, tafuta mama, yaani mmea mzuri wa kukatia vipande. Mimi nilizunguka mashamba mpaka nikapata rando kwa bibi mmoja jirani: jani pana, laini, likipikwa kwa nazi haliwi na ugumu wa kamba. Chupa haiboreshi tabia ya mmea. Ukiipa rando baya, itakurudishia mabaya elfu, masafi hayana virusi, na walaji watakukimbia vilevile. Wanaotaka aina mpya kabisa wana njia nyingine. Kwenye jamii ya kabichi, kwa mfano, wataalamu huotesha chembe changa za chavua, kromosomu zake zinazobeba urithi zikaongezwa mara mbili, wakapata ukoo safi kwa kizazi kimoja badala ya kuuchavusha wenyewe kwa wenyewe vizazi sita au saba. Hiyo ni kazi ya watu wenye vyombo. Wewe chagua mama.

Rando langu nililipeleka kwa wenye maabara, likalelewa kwenye chumba cha joto, karibu nyuzi 37, ili virusi vidhoofike. Kisha ilikatwa ile ncha ya juu kabisa, chini ya darubini, kipande kisichofika hata nusu milimita. Pale mishipa ya mmea haijafika bado, na virusi hupita kwenye mishipa. Kipande kikawekwa kwenye chakula cha wanasayansi Murashige na Skoog, kinachotumika tangu 1962: chumvi zake, sukari gramu 30 kwa lita, na agari ya kugandisha. Chakula hicho hupikwa kwanza kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, kuua vijidudu. (Wapo wanaoniuliza kama tuchemshe mwani wetu wa Paje tupate agari. Mwani huo hutoa karajinani, kigandishi kingine, si agari. Uuzeni tu.) Baadaye miche ilipandikizwa kwenye Ipomoea setosa, jamaa wa kiazi kitamu anayeonyesha virusi upesi kwenye majani yake. Miezi ya kusubiri naiacha, haina hadithi.

Maabara ya nyumbani? Chumba cha chupa kinataka nyuzi kama 25 na taa kwa saa 16 kila siku. Mwenye kuikumbuka Unguja ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa bila umeme, ataelewa kwa nini chupa niliwaachia wenye jenereta. Mimi nimechukua nusu inayonifaa: kulea miche inayotoka humo. Na hapo ndipo wanapoua wengi. Jani la chupani halina nta ya kutosha na vitundu vyake havijui kujifunga, ukilitoa juani linanyauka saa ile ile. Osha agari yote mizizini, panda kwenye usumba wa makumbi na mchanga, funika kwa nailoni ndani ya kivuli, halafu fungua kidogo kidogo.

Kaskazi hii matuta yangu yamesimama wakati ya majirani yamejikunja. Sasa nauza marando kuliko majani. Wiki iliyopita kaja mtu ametumwa na ofisi ile ile. Nilimuuzia kwa bei kamili, na risiti nikamwandikia.

Mdogo wangu, msilale na kulalamika kwamba kilimo hakilipi. Tafuteni elimu, nendeni kituo cha utafiti wa kilimo Matangatuani, huko huko Pemba, mkaulize, msione haya kuuliza. Na mkipata marando masafi, yapandeni mbali na tuta la zamani, maana nzi weupe hawajui mpaka wa shamba. Baada ya misimu michache chukueni mapya. Ukiona mche mmoja umejikunja usihangaike na dawa, virusi havina dawa. Ung'oe mzima na mizizi yake, uuchome, hata kama ni asubuhi ya kwenda sokoni na kapu halijajaa.