Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ngazi Zisizoisha

Mwanangu Neema,

Natumaini ulifika Rongai salama, maana mvua ya Jumapili jioni haikuwa mchezo. Ndengu ulizoacha nimezimaliza. Sasa nikujibu.

Baraka aliposema kwamba dakika zako 19 na sekunde 8 za kuimaliza gemu ya Super Mario 64 ni wizi mtupu, hukumjibu yeye. Ulinigeukia mimi: "Mama, wewe ulishika saa uwanjani miaka yote hiyo. Rekodi ya gemu iliyopatikana kwa glichi, yaani hitilafu ya programu, ihesabiwe au isihesabiwe?" Nilikuwa na sufuria mkononi, nikakwambia nipe muda. Nimelifikiria swali lako siku nne.

Ihesabiwe. Tena nalisema hilo baada ya kuona kwa macho yangu unachokifanya. Ulipofika kwenye zile ngazi za Super Mario 64, ulimgeuza Mario akazipa ngazi mgongo. Kidole kimoja kimebana kitufe, kidole gumba kinadonoa kingine haraka hata sikuweza kuhesabu. Akaanza kurukaruka kinyumenyume papo hapo, sauti yake ikijirudia, halafu ghafla akachomoka kama jiwe la manati hadi mlangoni. Ngazi hizo haziishi mpaka uwe umekusanya nyota 70 ndani ya gemu, na wewe ulikuwa nazo 16. Ukanieleza kwamba gemu hiyo ya mwaka 1996 iliwekewa kikomo cha kasi ya kwenda mbele, ila kasi ya kurudi nyuma haikuwekewa, kwa hiyo kila mruko unaongeza mwendo juu ya mwendo. Mimi niliona pia ulivyoshindwa mara tatu kabla ya kupatia, na jasho lililokuwa kwenye pedi ulipoiweka mezani. Baraka alikuwa anaangalia simu.

Hebu nikupeleke kwenye mambo ninayoyajua. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico City, Amos Biwott alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wenzake walikanyaga kiunzi wakatua na mguu majini, kama ilivyokuwa desturi. Yeye aliruka akatua ng'ambo, miguu mikavu. Mruko wenyewe haukupendeza machoni pa waliozoea kufundisha mbio hizo, lakini kanuni ilimtaka avuke maji, haikumwambia lazima alowe. Akaleta dhahabu nyumbani. Sasa mtazame Beatrice Chepkoech kwenye mbio kama hizo, London, 2017. Alipita kando ya kiunzi cha maji bila kukunja kona, akagundua, ikabidi arudi akaruke huku kundi likimwacha. Alimaliza wa nne. Nililia siku ile, lakini hakuna aliyesema asamehewe kurudi, kwa sababu mbio alizoingia zinataka uvuke maji.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Rekodi inapimwa kwa masharti ya mbio ulizoingia. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba gemu hiyo moja ina mbio nyingi. Kuna ya nyota zote 120, ambayo hata mabingwa inawachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kuna ya nyota 16, ambayo wao huimaliza chini ya dakika 15. Kuna ya nyota sifuri, dakika sita na ushei. Na kuna ya nyota 70, ambayo kuruka kinyumenyume kumepigwa marufuku. Ukiingia hiyo ya 70 ukapanda ngazi kwa njia yako ile, nitakuwa upande wa Baraka na sitabadilika.

Kipchoge je? Unakumbuka Jumamosi ile ya Oktoba 2019, tulivyobanana sebuleni kwa Mama Njeri? Marathon kwa saa 1:59:40 kule Vienna. Wawekaji kasi 41 wakipokezana, vinywaji analetewa kwa baiskeli. Kwa hayo haikuingia kama rekodi rasmi ya dunia. Iliyobaki kitabuni wakati huo ilikuwa 2:01:39 yake ya Berlin, 2018. Mimi sioni kwamba alidharauliwa. Kila muda uliwekwa pahali pake, na sote tulijua kilichofanyika Vienna kabla bunduki haijalia.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nikiwa mwalimu kijana, nilishika saa kwenye mbio za mita 100 za shule za mtaani kwetu. Tulifundishwa kubonyeza tunapoona moshi wa bunduki, maana mlio unachelewa kufika kwenye utepe karibu thuluthi moja ya sekunde. Siku hiyo mtu aliniita, nikageuka, nikabonyeza niliposikia mlio. Kijana aliyeshinda akapewa rekodi ya shule, ikaandikwa kwa rangi ukutani nje ya ofisi. Wiki mbili nilipita pale kila asubuhi nikijua. Mwishowe nikamwambia mwalimu mkuu, ikafutwa. Yule kijana alikuja akasimama mlangoni pa darasa langu, akauliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Hakukosea popote. Alikimbia vizuri, na muda wake haukuwa wa kweli kwa sababu yangu.

Ndiyo maana neno wizi lilinichoma. Nikiletewa rekodi yoyote nataka kujua saa ilianza wapi, na kama aliyetazama ameona yote. Video yako inaonyesha kila kitu tangu unapowasha mpaka mwisho, bila kukatwa. Umetumia gemu kama ilivyouzwa, na mwenye gemu hiyo hiyo anaweza kuketi leo akajaribu uliyoyafanya. Anayeichokonoa programu yenyewe kabla ya kuanza, au anayeunganisha vipande vya video viwili akadai ni mchezo mmoja, huyo ndiye wa kuitwa mwizi.

Lakini nina neno na wewe pia. Ulisema wanaocheza bila glichi ni waoga wa kujifunza. Hapana, mama. Mtu aliyekaa saa kadhaa akizifuata nyota zote bila kidole kuteleza amefanya kazi ambayo wewe hujaijaribu. Usimvunjie heshima ili muda wako upate kusimama. Na kila unapotaja muda wako, taja na nyota 16, taja na toleo la gemu, kwa sababu ulisema toleo jipya la Japani la 1997 liliuziba mwanya huo. Ulipomwambia Baraka "nimeimaliza Mario kwa dakika 19" ukanyamaza, ulimwacha afikirie ni nyota zote. Hapo alikuwa na haki ya kukasirika, na ungempigia simu umweleze ningefurahi.

Jumamosi njoo na mashine yako, chakula kitakuwepo. Ile saa yangu ya uwanjani bado inafanya kazi, nimeitia betri jana. Utacheza, na mimi nitabonyeza nikiona picha, sitangoja mlio.

Mama yako