Dola za kale ziliangukaje? Majibu kwa wasomaji

Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Waliotaka tarehe tupu nimewaacha, kwa sababu hizo zimo katika kitabu chochote cha historia.

Naomba sababu moja tu iliyoiangusha Roma.

Swali hili halikosi kuja, na kila anayeuliza anataka jibu la neno moja. Halipo. Odoacer, kamanda wa askari wa kigeni, alipomvua madaraka kijana Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi, mwaka 476, dola hiyo ilikuwa imeshabaki jina. Rudi nyuma hadi 376. Wagothi, watu wa kabila la Kijerumani, wakikimbia mashambulizi ya Wahun, wafugaji wapanda farasi kutoka mashariki, waliruhusiwa na Kaisari Valens kuvuka mto Danube na kuahidiwa chakula. Maofisa waliokabidhiwa kazi hiyo, Lupicinus na Maximus, wakaigeuza njaa kuwa biashara: mbwa mmoja wa kula kwa mtu mmoja wa kutiwa utumwani, wakiwemo watoto wa machifu. Miaka miwili baadaye Wagothi haohao waliliangamiza jeshi la Roma karibu na mji wa Adrianople, na Valens akafia huko.

Kwa hiyo anayeniambia "wahamiaji ndio walioiua Roma" anieleze kwanza habari za Lupicinus. Watu waliokuja kuomba hifadhi walifanywa maadui na watumishi wa serikali wenye tamaa. Pigo lililofuata lilikuwa la hazina: Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walipouteka mji wa Carthage mwaka 439, kodi na nafaka ya Afrika Kaskazini vilikatika, na askari asiyelipwa hapiganii mtu.

Wataalamu wanataja ukame. Basi kosa ni la hali ya hewa?

Ukame ulikuwepo, sibishi. Ninachokataa ni kuutumia kuwasafisha watawala.

Chukua Misri, mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramesses III, yapata 1157 KK. Mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, waliochonga makaburi ya wafalme, walilipwa kwa nafaka. Posho ikachelewa. Wakaacha kazi, wakazipita kuta zenye walinzi na kwenda kuketi nyuma ya hekalu. Karani aliyaandika maneno yao kwenye papirasi (karatasi ya mafunjo) ambayo leo iko Turin, Italia: njaa na kiu ndivyo vilivyotuleta hapa, hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki wala mboga, mpelekeeni Farao habari. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua kwa maandishi. Waliingia hata Ramesseum, hekalu lenye safu za maghala ambayo kuta zake za matofali ya udongo bado zinaonekana. Na mfalme huyohuyo aliyagawia mahekalu mashamba, ng'ombe na dhahabu kwa wingi ambao orodha yake inajaza papirasi yenye urefu wa zaidi ya mita 40.

Mvua ni ya Mungu, lakini ufunguo wa ghala uko mkononi mwa mtu. Kiongozi akianza kuilaumu mbingu, muulizeni akiba ilikwenda wapi, na nani aliyelipwa kwanza.

Wamaya walitokomea wapi?

Hawakutokomea popote. Mamilioni yao wanaishi Guatemala na Mexico na wanazungumza lugha zao. Kilichokufa ni utawala wa wafalme katika miji ya kusini. Jiwe la mwisho lenye tarehe pale Tikal ni la mwaka 869. Tafadhali acheni kuwaandikia tanzia watu walio hai.

Je, majengo yale ya Wamaya yalijengwa na viumbe wa sayari nyingine?

Hapana. Uzushi huu ni ndugu wa ule uliosema Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe ulioko Zimbabwe ya leo, ilijengwa na wageni, ambao watawala wa kikoloni waliendelea kuulea hata baada ya mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson kuthibitisha mwaka 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika. Msinitumie tena.

Sisi tuna teknolojia. Hayo yatatupata kweli?

Walioishi Zama za Shaba nao walikuwa na teknolojia, na biashara ya mbali. Meli iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK ilibeba takriban tani 10 za shaba na tani moja ya bati, pamoja na vioo na pembe za ndovu. Baada ya 1200 KK mtandao huo ulikatika. Ugarit, mji wa bandari wa Syria, iliteketea, Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, ikahamwa, majumba ya kifalme ya Ugiriki yakaungua. Kinachonitisha zaidi ni hiki: Ugiriki ilisahau kuandika kwa karne kadhaa, kwa kuwa maandishi yake yalijulikana na makarani wa majumba hayo tu. Makarani walipokosa mwajiri, elimu ikafa nao. Sasa hesabuni ni watu wangapi wanaojua namna mitambo yenu ya maji na umeme inavyofanya kazi, na kama kuna anayewafundisha vijana.

Ipo dola iliyoponea chupuchupu?

Ipo, na ndiyo ningependa muisome zaidi ya Roma ya Magharibi. Ni Roma ya Mashariki, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Constantinople. Mwanzoni mwa karne ya 7 Waajemi waliinyang'anya Syria na Misri, mikoa yake tajiri. Kaisari Heraclius akakata malipo ya maofisa kwa nusu. Mwaka 618 mkate wa bure wa wakazi wa mji mkuu ukasimamishwa, maana ngano ya Misri haikuwa ikija tena. Kisha fedha ya makanisa ikayeyushwa kuwa sarafu za kugharimia vita. Wenye nacho waliguswa, tena mapema. Mikoa ile ilirudi, ikapotea tena kwa Waarabu, na hata hivyo dola ile iliyopungua iliendelea hadi 1453, ukiacha miaka ambayo mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa Msalaba, 1204 hadi 1261.