Re: Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861-1865) ilikuwa ya utumwa au haki za majimbo?
Mkuu, umeuliza kama kweli majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalipigania haki za majimbo tu (yaani kila jimbo lijiamulie mambo yake), na kama Kaskazini wote walikuwa watu wema. Yote mawili hapana. Soma tamko la kujitenga la Mississippi, mojawapo ya majimbo hayo ya Kusini, 1861: mwanzoni kabisa linasema msimamo wao umefungamana na utumwa. Wameandika wenyewe, hawakusingiziwa. Tena hao hao wa "haki za majimbo" walilalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanagoma kuwarudisha watumwa waliotoroka!

Ila Kaskazini nao usiwavishe kanzu nyeupe. Kentucky na Delaware zilibaki upande wa Rais Lincoln, yaani Kaskazini, zikiwa na watumwa, na tangazo lake la Januari 1, 1863 la kuwapa watumwa uhuru halikuwagusa watumwa hao. Watumwa wengine wa Kentucky walisubiri uhuru mpaka utumwa ulipofutwa kwenye katiba Desemba 1865, vita imeshakwisha.