Ping inajibu, mbona mashine inaganda?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Nairobi, ninajifunza kuandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao kwenye Linux. Ping (amri ya kujaribu kama mtandao unafika) inajibu vizuri, lakini nikituma faili kubwa foleni ya kadi inajaa na mambo yanakwama. Jamaa mmoja wa YouTube anashauri niweke msleep (amri ya kulala kidogo) ndani ya ndo_start_xmit (sehemu ya draiva inayotuma pakiti) ili kadi ipumue. Nimeweka, sasa mashine nzima inaganda. Nifanyeje? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Iondoe hiyo msleep leo hii. Keneli, yaani kiini cha Linux, huita ndo_start_xmit mahali pasiporuhusiwa kulala kabisa, yaani kusimama na kuachia prosesa. Fungua dmesg, daftari la ujumbe wa keneli, sitashangaa ukikuta “BUG: scheduling while atomic”. Kadi haihitaji kupumua. Foleni ikikaribia kujaa, ita netif_stop_queue kuisimamisha. Pakiti zikishatoka, netif_wake_queue kuiamsha. Ping haikukuonyesha tatizo kwa sababu kwa kawaida hutuma pakiti moja kwa sekunde, na hiyo haijazi foleni ya kadi yoyote.

Kinachonikera ni hii imani kwamba keneli ni C ileile, ila yenye mamlaka zaidi. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, inauawa yenyewe na wewe unaendelea na kazi. Draiva ikigusa, mara nyingi hakuna wa kuizuia. Inaweza kuharibu data kimyakimya, wiki ijayo ukalaumu diski. Hata kuomba kumbukumbu kuna adabu yake: ukishika spinloki (kufuli ambalo hairuhusiwi kulala ukiwa umelishika), au ukiwa ndani ya intarapti (kifaa kinapokatiza kazi ya prosesa), ombi liwe la aina ya GFP_ATOMIC, kwani lile la kawaida, GFP_KERNEL, linaweza kulala. Na GFP_ATOMIC hunyimwa upesi, kwa hiyo kagua ulichopewa kabla ya kukitumia.

Sasa hawa wa “draiva kwa wikendi moja” hayo hawayagusi. Wanabandika msimbo wa enzi za keneli 2.6, ilhali miingiliano ya ndani ya keneli hubadilika bila kumwomba mtu ruhusa. Msimbo huo ukikataa kukompaili, wanakwambia uzime maonyo. Soma drivers/net/dummy.c, draiva ya kadi ya bandia iliyo ndani ya msimbo wa Linux, kwanza, ni fupi. Kisha nenda kwenye e1000, draiva ya kadi za Intel, ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza), ukiwa umewasha CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na KASAN, vinavyonasa kulala pasiporuhusiwa na makosa ya kumbukumbu. Si kwenye laptopu yenye kazi zako za chuo!

Anayedhani natia chumvi akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Faili moja mbovu iliyosomwa na draiva ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Na hao wana wahandisi wa kulipwa na mitambo ya majaribio. Huyo jamaa wako wa YouTube ana nini?